Yungiyungi Langu, Makadamia ya Wakonyo

Ruiru,
Alhamisi, 10 Julai 2025

Mume wangu,

Nimeandika maneno hayo mawili nikakaa dakika nzima nikiyatazama, kama mtu aliyenunua viatu vipya na hataki kuvivaa vikapata vumbi. Mume wangu. Miezi miwili na nusu sasa, na bado nikilitamka neno hilo dukani najisikia kuongeza, "Tulifunga Aprili, kanisa lilijaa," hata kama muuzaji ameniuliza tu kama nina chenji.

Usinicheke kwa kuandika barua. Mama Emmah alituambia kwenye darasa la ndoa kwamba mwaka wa kwanza simu iwe ya kuulizana kama mtu amefika na kama gesi imeisha. Mambo ya moyo yaandikwe kwa mkono, kwa sababu anayeandika hukasirika polepole. Siku ile tulikubali ili tu atuachilie twende tukale. Lakini sasa umeniacha na cherehani na pazia za watu, unalala huko Thika kwenye kitalu cha miche wiki mbili mbili, na simu yako kila mara ni "niko kazini, mpenzi". Kwa hivyo naandika. Nduku wa mboga huenda soko la Thika kila Jumanne na Ijumaa, atakuletea barua langoni na kurudi na yako. Ameapa hataisoma. Kunyamaza hawezi, lakini kusoma bila miwani pia hawezi.

Sasa sikiliza. Nimepima ploti yetu kwa hatua. Kushoto kuna tangi, kulia kamba ya nguo, nyuma choo. Pamebaki mahali pamoja tu pa kuchimba shimo, mbele ya dirisha la chumba chetu. Shimo moja, Kang'ethe. Kitakachopandwa pale ndicho nitakachokiona kila asubuhi ya maisha yangu nikifungua pazia, na ndicho kitakachosema hii ni nyumba ya akina nani. Nataka yungiyungi. Jeupe, kama yale niliyobeba nikija kwako pale mbele, uliponitazama ukasahau kiapo mpaka pasta akakunong'oneza.

Sema ndiyo. Mume wangu ni msimamizi wa kitalu kizima, hawezi kukosa vitunguu vitatu vya yungiyungi vya kumpandia bibi yake.

Wako, wako, wako,
Trizah Aketch


Thika,
14 Julai 2025

Aketch wangu,

Barua ilifika ikinuka dania. Nduku aliitoa mbele ya watu wote akasema, "Chukua, bibi yako anakulilia," wenzangu wakanicheka mpaka saa ya chai. Niliisoma mara mbili nyuma ya tangi la maji.

Kuhusu shimo. Yungiyungi ni zuri, sikatai. Lakini linachanua wiki mbili tatu, halafu linakauka na kulala chini, na wewe unabaki ukitazama udongo. Makadamia haipukutishi majani yote. Ukiipunguza matawi kila mwaka itakaa kichaka kizuri, itupe kivuli dirishani. Wakonyo anasema ikipandikizwa vizuri huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Wakonyo ndiye anayejua mambo ya kupandikiza hapa: kukata kijiti cha mti unaozaa na kukifunga juu ya mche mchanga mpaka viwe kitu kimoja. Ungeona mikono ya Wakonyo ikifanya kazi! Kata moja tu, hairudii. Wakonyo anasema mti unajua mkono unaosita. Juzi nilimweleza kuhusu ploti yetu, na Wakonyo akasema hapo pana jua la asubuhi, panafaa kabisa.

Fikiria watoto wetu wakipasua njugu mlangoni kwa jiwe. Yungiyungi litawapa nini?

Nakukumbuka sana.

Wako,
Kang'ethe


Ruiru,
17 Julai 2025

Mume wangu mpenzi (bado ni mpenzi, nimefikiria kwanza kabla ya kuandika),

Nimehesabu. Katika barua yako Wakonyo yumo mara tano. Mimi nimo mara moja, pale juu, kama anwani.

Huyu Wakonyo ni nani? Jina ni la mwanamke, hilo najua. Ni mzee? Ameolewa? Ana meno yote? Niambie hana. Ati "ungeona mikono yake"! Mikono hii yangu imekushonea shati la harusi kola mara tatu kwa sababu shingo yako haikubali vipimo vya watu wa kawaida, na sijaona mstari hata mmoja ukiisifu.

Na najua mnaongea Kikuyu. Jumapili ile ulipopigiwa simu tukiwa mezani, ulicheka kicheko ambacho sijawahi kukusikia ukicheka kwa Kiswahili. Mimi ni msichana wa mtaa wa Landless, Kikuyu changu ni cha sokoni: ni ngapi, punguza, ongeza nyanya moja. Hakuna mtu anayecheka hivyo kwa Kikuyu cha nyanya. Nilitabasamu nikaendelea kula, lakini samaki alikuwa ameshapoteza ladha.

Tulinganishe basi, kwa haki. Yungiyungi lina harufu inayoingia ndani ya nyumba bila kubisha. Makadamia inanuka majani. Yungiyungi hufunguka lenyewe asubuhi. Makadamia lazima uipige jiwe, na hata hapo inakurukia jichoni. Yungiyungi litachanua mwaka huu, tukiwa bado maharusi. Hiyo yako itazaa tukiwa tumeshazoeana. Mimi sitaki kungoja miaka minne nione kama tulipanda kitu kizuri.

Na zaidi ya yote: yungiyungi nimelichagua mimi. Makadamia imechaguliwa na mwanamke nisiyemjua, amekaa huko Thika akipanga jua la asubuhi la chumba changu cha kulala. Yawa! Angepanga na rangi ya shuka.

Nijibu swali la meno.

Trizah wako


Thika,
21 Julai 2025

Aketch wangu,

Meno anayo. Wakonyo ni mtu wa kazini, tunafanya kazi pamoja, hakuna la kuongeza. Usijitese.

Jumapili tarehe 27 nitakuja, na sitakuja mikono mitupu. Pika chapati.

Kang'ethe


Ruiru,
31 Julai 2025

Kang'ethe,

Chapati ulikula nane. Nilifurahi kukuona hivi kwamba nilisahau kukuuliza lolote, na nadhani ulijua nitasahau.

Ulikuja umeubeba ule mche wa makadamia kwenye karatasi nyeusi ya plastiki, umeukumbatia kama mtoto aliyetoka kliniki. Hukunikumbatia mimi mpaka ulipopata mahali pa kuuweka. Ukaniambia nisiupande bado. Niumwagilie leo niache kesho. Nisiuweke kwenye jua la mchana. Tarehe 22 Agosti utauchukua uupeleke kazini "mara moja tu" kisha utarudi. Nikauliza kwa nini, ukasema, "Mambo ya kitalu, mpenzi." Nikaitikia. Bibi harusi mpya haulizi mara mbili.

Ulipoondoka nikainama kuumwagilia. Chini ya jani, kwenye uzi, kuna lebo ndogo ya plastiki. Imeandikwa kwa kalamu isiyofutika: WAKONYO. Na tarehe, 7 Juni. Wakati huo ndoa yetu ilikuwa na wiki sita.

Nilijiambia labda ni jina la aina ya makadamia. Nilijidanganya hivyo siku mbili. Jumanne nikapiga simu yako, ikashikwa na mwanamke. Akasema, "Kang'ethe ako na kisu mkononi, hawezi kuongea. Wewe ni nani?" Nikasema ni bibi yake. Akasema, "Aaa! Wewe ndiwe wa yungiyungi!" Akacheka.

Yungiyungi lilikuwa letu, Kang'ethe. Nilikuandikia wewe, ukalisoma nyuma ya tangi la maji, na sasa kuna mtu anacheka nalo.

Swali langu ni moja. Kwa nini jina la mwanamke mwingine limefungwa kwenye mti uliouleta nyumbani kwangu tuupande mbele ya dirisha letu? Nduku atakungoja langoni mpaka uandike.

Trizah


Thika,
1 Agosti

Aketch, Nduku amesimama hapa anapiga kelele kwamba mboga zinanyauka. Lebo ni mambo ya kazi tu. Nitakueleza tukionana tarehe 10, si kitu cha kuandika. Tafadhali umwagilie mche. Tafadhali sana.

K.


Ruiru,
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kang'ethe,

"Si kitu cha kuandika." Mama Emmah alisema kitu kisichoweza kuandikwa ndicho hasa cha kuandikwa.

Nimeukata.

Jana baada ya kanisa. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa maharusi wengine, nikalia wakadhani ni furaha. Nilifika nyumbani na gauni langu la kanisa nikachukua mkasi wa kukatia pazia. Nilikata lebo kwanza. Nilidhani nitaishia hapo. Kisha nikakata ule utepe uliofungwa shingoni mwa mti, kwa sababu niliuona kama utepe wa zawadi. Chini yake nikaona mahali vijiti viwili viliposhikana, na nikakumbuka maneno yako, "mpaka viwe kitu kimoja", na mkasi bado ulikuwa mkononi.

Halafu nikachimba shimo. Nimepanda yungiyungi, vitunguu vitatu, nimenunua mwenyewe kwa watu wa maua barabarani. Nimevimwagilia maji yaliyokuwa ya mti wako. Kile kibua, kishina kilichobaki na mizizi yake, kiko nyuma ya tangi kwenye karatasi yake. Ukitaka umpelekee mwenyewe.

Nilifikiri nitalala vizuri.

Trizah


Thika,
7 Agosti 2025

Trizah,

Ule mche niliupandikiza mimi.

Mimi si msimamizi. Ni mwanafunzi. Wakonyo ndiye msimamizi, ndiye mwalimu wangu. Hapa mwanafunzi hana lebo yake. Kila anachopandikiza hubeba jina la anayemfundisha, ili kikifa ijulikane ni mkono wa nani uliofundisha vibaya. Nilipandikiza miche mia moja na kumi. Mia moja na tisa ilikauka. Ule wa tarehe 7 Juni ulishika. Nilipoona chipukizi nilikaa chini kwenye udongo, na nilitaka kukupigia simu, lakini ningekuambia nini? Kwamba msimamizi amefaulu mara ya kwanza?

Siku ya kukuchumbia, Mjomba Muriithi alisimama kwenu Landless akasema, "Kijana wetu ni msimamizi wa kitalu." Mama yako akapiga vigelegele. Nilingoja vinyamaze nirekebishe. Havikunyamaza. Baadaye ukaanza kulisema wewe, kwa shoga zako, kwa sauti ile yako, na nikakosa mlango wa kutokea.

Kila mwanafunzi hupewa mche wake mmoja autunze kwao wiki nne, nje ya kivuli cha kitalu. Akiurudisha na majani mapya hupewa kisu chake na kazi yake. Siku yangu ni tarehe 22. Wakati huo ndipo ningekuja kukwambia ukweli, nikiwa na kisu mkononi, niwe nimeshakuwa kitu.

Tarehe 10 siji. Hicho kibua mpe Nduku aniletee.

Kang'ethe


Thika,
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Kwa Trizah, bibi wa Kang'ethe,

Habari ya nyumbani. Hunijui kwa sura, lakini jina langu unalijua vizuri.

Mume wako leo amekuja na kibua. Nikamwuliza, "Hii ni nini?" Akasema, "Ni mbuzi wa jirani, madam. Nilimwacha bila kuangalia. Ni makosa yangu." Mama, nimefanya kazi hii miaka kumi na sita. Najua mti uliotafunwa. Huyo mbuzi wenu alikata lebo na utepe, kisha akakata mshazari pale pale kwenye kiungo, mara moja, bila kusita. Mbuzi wa namna hiyo ningemwajiri.

Nikamwuliza tena. Akang'ang'ana na mbuzi wake. Na hapo ndipo kuna shida. Kwa sheria yetu mwanafunzi aliyepoteza mche kwa uzembe anaenda nyumbani. Aliyeharibiwa mche na mtu mwingine huanza upya, lakini huyo mtu lazima aandike mwenyewe na kutia sahihi, na barua husomwa mbele ya wote, maana wote wana miche makwao. Yeye anachagua kufukuzwa. Nimempa mpaka Jumanne.

Utasema mimi nahusika vipi. Sitakudanganya. Mimi si mzee wala sura yangu si mbaya, na mume wako ni mtu wa kupendeza, kwa hivyo sikuiti mjinga. Lakini ninachojua juu yake ni hiki: anakata akitetemeka, anajilaumu kwa Kikuyu, na mara tatu ameniuliza yungiyungi linapandwaje kwenye udongo mweusi wa Ruiru lisioze. Ndiyo maana nilicheka siku ile kwa simu. Nilisema kumbe ndiwe unayenipotezea mwanafunzi nusu saa ya kazi.

Uamuzi ni wako. Kibua nimekirudisha kwa Nduku. Usikitupe, mzizi haujafa.

Wakonyo


Ruiru,
Jumatatu, 25 Agosti 2025

Kwa Madam Wakonyo, na kwa wote mtakaosomewa,

Mimi Trizah Aketch, bibi wa Kang'ethe, ndiye niliyekata mche wake tarehe 3 Agosti kwa mkasi. Jirani yetu hana mbuzi. Jirani yetu ana redio.

Niliukata kwa wivu. Niliona jina la mwanamke kwenye mti wa mume wangu nikadhani najua maana yake. Yeye hakuwa mzembe hata kidogo. Aliniambia niumwagilie, akasema tafadhali mara mbili.

Najua mtacheka. Chekeni, lakini mkimaliza mpeni nafasi yake. Na wale mlio na miche nyumbani, waambieni bibi zenu lebo ni ya nini.

Madam, wewe binafsi naomba unisamehe. Meno yako niliyaombea mabaya.

Trizah Aketch


Ruiru,
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Mume wangu,

Nduku ameniambia yote, hata nisiyomwuliza. Kwamba barua ilisomwa saa ya chai. Kwamba walipofika kwenye redio walianguka, na wewe ukatoka nje. Kwamba Wakonyo alikufuata akakwambia, "Jumatatu unaanza upya, moja hadi mia," ukajibu, "Sawa, madam." Kwa hivyo bado ni mwanafunzi, mpaka msimu ujao, na mimi ndiye niliyekurudisha nyuma. Nimeisema hiyo kwa sauti jikoni ili niizoee. Nimempigia mama pia. Nikamwambia, "Mama, Kang'ethe si msimamizi, ni mwanafunzi." Akauliza, "Kwani ameacha kula?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi." Huo ndio mwisho wa vigelegele vyote vile ulivyoviogopa.

Sasa nikuambie jambo, na usikasirike, maana nimeliandika polepole.

Bado nina wivu. Nimeutafuta nione kama umeisha baada ya kujua ukweli, na haujaisha, umehama tu. Sasa najua Wakonyo hakuchukua kicheko chako wala dirisha langu. Lakini alikuona ukikosea mara mia moja na tisa. Alikuona umekaa kwenye udongo chipukizi lilipotoka, na mimi siku hiyo labda nilikuwa dukani nikimwambia mtu kuhusu mume wangu msimamizi. Yeye amepewa Kang'ethe anayetetemeka. Mimi nililetewa wa Jumapili, aliyepigwa pasi, anayesema mambo ni sawa. Huyo wa Jumapili nampenda, nilimwapia mbele ya watu. Lakini yule mwingine ndiye ninayemtaka, na inaniuma kwamba amekaa miezi yote hii na watu wengine kwa sababu mimi nilikuwa nampigia vigelegele mtu asiyekuwepo.

Yungiyungi limechipua, vitunguu vyote vitatu. Sitaling'oa ili nionekane nimejuta. Nimejuta na bado nalipenda. Kibua nacho kimetoa jicho la kijani chini ya mahali nilipokata. Nakimwagilia leo naacha kesho. Shimo limeshachukuliwa, kwa hivyo tutabishana upya, uso kwa uso, na safari hii usimtaje mtu mwingine aliyesema nini. Sema wewe unataka nini. Na ukishindwa ubishi, ukasirike, nikuone unavyokasirika.

Jumamosi hii njoo. Toka kazini moja kwa moja, na udongo wako na utomvu wako na hayo matusi ya Kikuyu unayojitukana. Usioge kwanza.

Trizah wako